Gitaa Ng'ambo ya Mfereji

Siku nilipokabidhi sanduku la nyaya, vijana wa bendi walinikatia keki, wakanivisha shuka zito ambalo sijui walitaka nilifanyie nini, halafu Gudi, kijana anayechukua kazi yangu, akaniuliza, "Mzee Elisaria, sasa sisi tukikwama tutamuuliza nani?" Nikamwambia aniulize mimi, kwa sababu nimestaafu, sijafa. Baadaye nikiwa nyumbani nikaona swali lake ni la haki. Mambo mengi ya kazi yetu hayamo ndani ya lile sanduku. Ndiyo maana nimekaa hapa barazani kwangu Marangu, naandika. Masikio yangu yamechoka. Hayasikii tena matoazi ya Juma, mpiga dramu wetu, jambo ambalo kwa anayemjua Juma si hasara tupu.

Sitaeleza tulipanda majukwaa gani wala nani alitushika mkono. Kuna mwaka tulipewa tuzo. Ni nzito, na inazuia mlango wa banda la mazoezi usipigwe na upepo. Hayo yanatosha.

Kazi yangu ilianza kwa kutunza kitu kisicho changu. Kihamba chetu, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, na kihamba cha kina Ndeshi, mwimbaji wetu, vimetenganishwa na mfereji wa maji, ule unaoshuka kutoka juu na kugawiwa kwa zamu, na juu yake kuna ubao wa kuvukia. Baba yake Ndeshi alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya dansi mjini Moshi. Aliaga kwamba anakwenda kupiga muziki Tanga mwezi mmoja. Mwezi ule haujaisha mpaka leo. Mama Ndeshi alingoja, akachoka kungoja, kisha siku moja akalibeba gitaa la zamani ambalo mumewe aliliacha, akaenda nalo mferejini alitose. Marehemu baba yangu alikuwa anafungulia maji upande wetu. Akalidaka. Alisema kitu kilichotengenezwa kwa mikono ya mtu hakitoswi, akaenda kulitundika kwenye banda letu la mashine ya kumenyea kahawa.

Mama Ndeshi hakubishana naye. Alipanda masale kwenye mdomo wa ubao, pande zote mbili, na majirani wakisikia akasema, "Gitaa halitavuka mfereji huu mimi nikiwa hai."

Gudi ni mtu wa Singida, kwa hiyo namweleza. Masale ni yale majani marefu ya kijani tunayopanda mipakani. Ukiyaona yamepandwa ujue hapo ndipo pangu panapoishia. Lakini yana kazi nyingine kubwa zaidi. Mtu akimkosea mwenzake, hukata isale moja, akalifunga fundo, akampelekea kuomba msamaha. Na aliyepelekewa isale hawezi kulikataa. Hata kama damu ilimwagika, hawezi. Kwa hiyo isale haling'olewi ovyo, wala halichezewi, na mtoto wa huku hulijua hilo kabla hajajua kusoma.

Ndeshi alipomaliza kidato cha nne alivuka ubao ule alasiri moja, mikono ikiwa bado inanuka maziwa, akanikuta nasafisha mashine ya kahawa.

"Kaka Eli, lile gitaa la baba bado lipo?"

"Lipo. Lina nyuzi mbili na buibui."

"Naomba nijifunzie hapahapa. Huku ng'ambo."

Hivyo ndivyo bendi ilivyopata jina. Watu wa redio walikuja kudhani Ng'ambo ni Ulaya. Ni banda la kahawa la baba yangu.

Nyuzi zilizopungua tulizitengeneza kwa waya wa breki ya baiskeli. Zilikata vidole, na sauti yake ilikuwa ya kugombana, lakini nadhani ndizo zilizotupa muziki wetu. Watu walipokuja kutuambia kwamba tunachopiga ni roki, tulishakuwa tunakipiga zamani. Mimi nilipewa besi kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeitaka. Msiidharau besi, vijana. Hakuna anayeisikia ikiwapo, lakini ikikosekana kila mtu hugeuka kutazama jukwaani.

Juma alikuja kwa njia yake. Kwao ni Chekereni, watu wa mpunga, na kazi yake ilikuwa kupandisha mabua ya mpunga kwa wafugaji wa huku juu, maana ng'ombe wetu hufungwa bandani na majani ya kihambani hayawatoshi. Alikuwa akishusha mabua kwa Mama Ndeshi huku anagonga ubavu wa pikapu kwa viganja, na Ndeshi akamsikia kutoka bandani. Alimwita kama anayeita mtu aliyemfahamu miaka mingi. Juma ni Mwislamu, mtu mwema, mwenye nguvu, na mila za mlimani hazijawahi kumwingia kichwani. Mpaka leo masale huyaita majani ya uzio. Alikuwa na namna yake ya kufunga mizigo ya mabua, fundo linalozungushwa mara mbili na ncha kuchomekwa ndani, na Mama Ndeshi alilichukia fundo lile. Kila mzigo ulipofika alilifungua kwa meno huku ananung'unika kwamba huyu kijana anafunga ng'ombe au anafunga mabua.

Sitaki mumfikirie vibaya mama huyu. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya usharika, sauti ya pili, na alikuwa na sauti inayokufanya ukae wima kwenye benchi. Alijua vizuri tunachofanya bandani kwetu, kwa sababu dramu hazifichiki nyuma ya migomba. Kila Jumamosi tukiwa mazoezini alimpa Ndeshi sufuria ya mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, na kumwambia, "Wapelekee hao wenzio wanaopiga kelele." Mtori ulivuka ubao kila wiki. Gitaa halikuvuka.

Sasa nieleze jinsi nyimbo zilivyokuwa zikija, kwa sababu Gudi ataulizwa na waandishi kama mimi nilivyokuwa nikiulizwa. Ndeshi alitunga akikamua. Gitaa lilikuwa kwetu, ng'ombe alikuwa kwao, kwa hiyo alitunga kwa mdomo tu, alfajiri, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe. Wimbo ambao ng'ombe alishusha maziwa ukiimbwa, Ndeshi aliuleta bandani. Wimbo ambao ng'ombe alibana maziwa, aliuacha na hakuurudia tena. Nilimuuliza siku moja kama hayo ni mambo ya kweli.

"Wewe utaniambia wimbo ni mzuri kwa sababu unanionea haya," alisema. "Subira hana haya."

Subira ndiye ng'ombe mwenyewe. Aliukataa wimbo mmoja ambao mimi niliupenda sana, na mpaka leo sijamsamehe. Lakini nilijifunza jambo ambalo nawaachia: mtunzi akileta wimbo, msianze kumkata mstari wa pili kabla hajafika wa mwisho. Acheni auimbe wote. Ameshapita kwa mkaguzi mkali kuliko ninyi.

Ufundi wa sauti nilifunzwa na Fundi Rajabu, aliyekuwa akitengeneza redio mjini Moshi, karibu na soko la Mbuyuni. Nilimpelekea amplifaya iliyokuwa inakoroma, nikabaki pale wiki nzima, kisha nikawa narudi kila nilipopata nafasi. Alikuwa na chumba kidogo kilichojaa redio zilizofunuliwa, na hakuwa mtu wa maneno. Alinifundisha kukunja waya kwa kuufuata unavyotaka wenyewe, si kuupinda kiwikoni kama kamba ya mbuzi. Alinifundisha kuchemsha nyuzi za besi zikichoka, zitoe jasho na uchafu wa vidole, ziimbe tena. Mke wangu alikuta nyuzi ndani ya sufuria ya wali, akanieleza maneno ambayo Fundi Rajabu hakunifundisha. Zaidi ya yote fundi alinifundisha hili: spika ikipiga mluzi, usikimbilie kupandisha wala kugusa kila kitu. Shusha. "Ukishusha," alisema, "utasikia nani anayegombana na nani." Nimeitumia kanuni hiyo kwenye mashine ya kuchanganyia sauti, na kwenye ndoa yangu pia, na sehemu zote mbili imefanya kazi kwa kadiri yake.

Kazi ngumu zilikuwa nyingi. Nilipiga besi kwenye harusi ambayo umeme ulikatika wakati ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, anaingizwa, na Ndeshi akaendelea kuimba bila kipaza sauti mpaka wapishi waliombeba ndafu wakasimama nao wakimsikiliza, na mbuzi wa watu akapoa. Tuliwapigia wapagazi wa mlimani siku yao ya mapumziko, wakatuomba wimbo mmoja tu, ule wa mzigo wa mwenzangu, tukaurudia mpaka sauti ya Ndeshi ikaisha. Wapagazi wale hawakupiga makofi. Waliimba, na wengine waliweka mikono shingoni pale mzigo unapokaa. Nilijisikia nimelipwa, na namaanisha hivyo.

Lakini kazi niliyojifunzia zaidi ilikuwa Chekereni kwa kina Juma, baada ya mavuno. Tulipiga uwanjani karibu na majaruba ya mpunga, wakatupenda, wakatupa mabua ya bure tuyapeleke kwa Subira. Nikaona nimepata akili: spika chini, mabua juu yake, zisigongane wala zisinyeshewe. Tulipofika juu spika zilikuwa zimejaa makapi mpaka kwenye koo, na mwezi mzima kila aliyeimba alisikika ana mafua. Gudi, usibebe spika chini ya mabua. Funika kwa turubai, na mabua yaende na gari lingine, hata kama ni ya bure.

Nakumbuka safari ile kwa sababu nyingine. Ndeshi na mimi tulikaa nyuma juu ya mabua, Juma akiwa mbele na dereva. Tulipovuka Mabogini hewa ilianza kupoa, na mlima ukajitoa kwenye mawingu kidogo, halafu ukajirudisha. Ndeshi alikuwa amelikumbatia gitaa la baba yake, ambalo sasa lilikuwa na nyuzi za dukani.

"Mama hajawahi kunisikia nikipiga," alisema. "Watu wa Chekereni wamenisikia. Mama hajanisikia."

"Anakusikia kila Jumamosi. Ni hatua chache tu."

"Anasikia kelele za ng'ambo. Nataka nipige uani kwetu, amekaa kwenye kigoda chake, ananitazama vidole."

Nikamwambia mbona dawa yake inajulikana. Akate isale, apeleke kwa mama yake, yaishe. Mama hataweza kukataa, na neno alilosema litakuwa limefunguliwa bila yeye kulivunja.

Alijibu tulipoanza kupanda kilima. "Isale ni la mwenye kosa, Kaka Eli. Mimi nimekosa nini? Nikipeleka isale nitakuwa nimekubali kwamba kupiga gitaa ni kosa. Nitakuwa nimesema mimi na baba ni kitu kimoja."

"Sasa utafanyaje?"

"Sijui. Alisema halitavuka yeye akiwa hai." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Naogopa siku ya kwanza gitaa hili kuvuka mfereji iwe ni siku tunamzika. Nitapiga nini siku hiyo? Nitampigia nani?"

Nilimpenda yule binti kama mdogo wangu wa tumbo moja, na nilimpenda mama yake, na wote wawili walikuwa na vichwa vya mawe ya mtoni. Kila aliyepita pale kwenye ubao aliliona tatizo, na hapakuwa na wa kuliondoa. Mama hakuweza kurudisha neno lake bila sababu, maana neno la mzazi halirudi mdomoni kama mate. Binti hakutaka kuomba radhi kwa kosa ambalo halikuwapo. Miaka ikapita. Nyimbo zilikuja, tulirekodi, tukajulikana, na gitaa lililala kwetu kila siku.

Kisha tukaitwa kwenye mzunguko wa mwezi mzima, Dodoma mpaka Mwanza. Ndeshi alisita kwa sababu Subira alikuwa amezaa na anakamuliwa asubuhi na jioni, na magoti ya mama yalikuwa yameanza kuuma. Mama Ndeshi akamwambia, "Nenda huo mwezi mmoja. Nilikamua kabla wewe hujazaliwa." Nikaona Ndeshi anavyoshtuka kusikia neno mwezi. Mama yake pia alilisikia. Akaongeza, akiwa amegeuka kupanga majani, "Ila urudi."

Kuhusu mzunguko wenyewe sitasema mengi. Tulikula vumbi, tukakosana, tukapatana. Juma alinunua samaki wakavu Mwanza, akawaweka ndani ya ngoma kubwa, na hatukujua kinachonuka mpaka tuko Shinyanga.

Tulirudi alfajiri, kukiwa kumeanza kupambazuka. Gari lilituacha barabarani, tukashuka na njia ya kihambani tukiwa tumebeba vyombo. Ndeshi alitangulia mikono mitupu kwa sababu Juma alimnyang'anya gitaa, akisema amechoka mtoto wa watu. Tulipokaribia ubao, mkanda wa mfuko wa gitaa ukakatika. Mimi nilikuwa nyuma na besi yangu, na ukungu ulikuwepo, kwa hiyo sikuona alichofanya. Nilipomfikia alikuwa ameshauunga mkanda na kitu cha kijani, na mfuko ameuegemeza palepale mdomoni mwa ubao, upande wetu. Nikainama. Juma alikuwa amekata isale la Mama Ndeshi, akafungia mkanda.

Nilifungua mdomo nimwambie amefanya nini. Hapo nikasikia mtu anaimba.

Sauti ilitoka bandani kwa ng'ombe, ng'ambo ya pili. Ilikuwa sauti ya pili ya kwaya, imezeeka kidogo, na ilikuwa inaimba wimbo wetu. Si wimbo wowote. Ilikuwa "Mwezi Mmoja," wimbo wa mwanamke anayengoja, ambao Ndeshi hakuthubutu kuupiga karibu na nyumbani hata Jumamosi ya mvua. Mama aliujua wote; lazima aliusikia alfajiri, Ndeshi akiutunga kwa Subira. Tukasikia na maziwa yanavyogonga ndoo, kwa mwendo uleule wa wimbo.

Ndeshi alisimama mwanzo wa ubao, ameweka mkono mdomoni. Wimbo ule mwishoni husema: mwezi haujaisha, taa sijaizima. Mama alipofika hapo akaimba hivi: mwezi umekwisha, taa nimezima, nimelala. Akaurudia mstari huo taratibu, ng'ombe akiwa ametulia. Nililia pale penye ukungu, nimekumbatia besi, na sioni aibu kuliandika.

Mama alitoka na ndoo. Akatuona tumesimama wote. Kisha macho yake yakashuka kwenye gitaa, yakakaa kwenye lile jani. Aliweka ndoo chini.

"Ndeshi. Nani kaleta hilo?"

Ndeshi ndipo alipoliona. Akanitazama mimi, mimi nikamtazama Juma. Juma akavuta pumzi aeleze habari za mkanda, na nikamkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote.

"Mama, mimi..." Ndeshi alianza.

"Isale halikataliwi," mama alisema.

"Mama, ngoja nikueleze..."

"Nimesema halikataliwi. Vusha hilo gitaa uje ndani. Maziwa yanapoa."

Ndeshi alilichukua kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga. Ubao ulilia alipoukanyaga. Alipofika ng'ambo, mama alilifungua lile fundo kwa meno, akaliweka isale kifuani ndani ya kanga, akamshika bintiye shavu kwa mkono uliolowa maziwa. Halafu akatugeukia sisi wengine, akaanza kulalamika kwa sauti yake ya kawaida. "Huyu ng'ombe amenitesa. Siku mbili nzima amebana maziwa, ndama analia, mimi nalia. Nikakumbuka huyu bibi amezoea kuimbiwa. Nimemwimbia nyimbo zenu zote, mwezi mzima. Hata zile mbaya."

Asubuhi ile, kabla hata hatujaoga, Ndeshi alipiga gitaa uani kwao. Mama alikaa kwenye kigoda, kikombe mkononi, na alitazama vidole. Sijawahi kuona mtu akipiga kwa woga namna ile, na huyu alikuwa ametoka kupiga mbele ya uwanja mzima. Wimbo ulipofika mwisho aliuimba kama mama yake alivyouimba, taa nimezima, nimelala, na hivyo ndivyo ulivyorekodiwa, na hivyo ndivyo mnavyoupiga ninyi. Ile sauti ya pili mnayoisikia kwenye kanda ni mama. Ile ya tatu ni Subira, ambaye hakutakiwa kuingia pale, lakini aliingia vizuri nikamwacha.

Kuanzia mwaka ule, Desemba inapofika na watu wanarudi nyumbani kutoka mikoani, Mama Ndeshi humwita Juma apande kutoka Chekereni achinje mbuzi wa Krismasi, ili naye aweze kula. Tena humpa kidari, nyama ambayo kwetu haipewi mtu ovyo. Juma alidhani anapendwa kwa sababu ya dramu zake. Sisi tuliomsikia akipiga tulishangaa.

Ila Ndeshi hakutulia. Mimi na Ndeshi hatukuongea neno la isale lile na mtu yeyote, na Juma nilimweleza tu kwamba alikata jani la watu, asirudie. Lakini tukiwa safarini Ndeshi alikuwa akiniambia, "Kaka Eli, tumemdanganya mama. Alifungua neno lake kwa isale ambalo halikuwa isale." Nilikuwa namjibu kwamba Mungu anajua. Moyoni niliogopa. Mama angejua kwamba ule ulikuwa mkanda uliokatika, je, gitaa lingerudi ng'ambo? Na angeondoka duniani bila kujua, Ndeshi angebeba mzigo huo na nani? Miaka yote ile, kila gitaa lilipovuka, nilisikia ubao ukilia na roho yangu ikashtuka kidogo.

Wiki niliyostaafu nilivuka kwenda kumuaga mama, kwa sababu mtu hastaafu Ng'ambo bila kumuaga mwenye mfereji. Amezeeka sasa. Macho yamefifia, na miguu haimtoi mbali na kigoda. Ndeshi alikuwa amekaa chini karibu naye, ana mvi zake, anamenya ndizi. Nikatoa shikamoo, mama akaitikia, akaniuliza masikio. Nikasema yamekwisha. Akasema afadhali, nitapumzika na kelele za Juma.

Ndeshi akaweka kisu chini. Nilimwona anakusanya nguvu, nikajua anachotaka kusema, na sikumzuia.

"Mama, nina jambo. Lile isale la asubuhi ile. Sikulileta mimi. Mkanda ulikatika, na Juma..."

"Nalijua," mama alisema.

Ndizi ikamponyoka Ndeshi mkononi.

"Isale la msamaha hufungwa fundo moja," mama alisema. "Lile lilizungushwa mara mbili, ncha imechomekwa ndani. Mwanangu, fundo lile nimelifungua kwa meno miaka yote kwenye mabua ya mpunga. Meno yangu mawili yamekwenda na Juma. Ningeacha kulijua?"

"Sasa kwa nini ulisema halikataliwi?"

Alipapasa mpaka akakipata kichwa cha bintiye, akakiegemeza gotini kwake.

"Nilishasema mbele ya watu, gitaa lisivuke. Ningelirudishaje neno langu, niseme nini? Nikakaa nikingoja uje na isale, nikupokee. Wewe hukuja. Kichwa hicho hukukitoa kwa baba yako, ni changu. Basi nikaona wenye akili wote wawili tutakufa tunatazamana, kila mtu na upande wake wa mfereji." Alicheka kidogo, cheko la kikohozi. "Mungu akamleta mtu wa kukosea. Nikamshukuru, nikalifungua upesi, kabla hajajieleza."

Ndeshi alilia pale gotini, na mama akamwacha alie. Mimi niliokota ndizi, nikaendelea kuimenya, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi. Baadaye mama aliuliza gitaa liko wapi. Ndeshi akaingia ndani kulichukua, maana siku hizi hulala kule, ukutani, juu ya kitanda cha mama.

Juma bado hajui. Gudi, wewe umesoma mpaka hapa, usimwambie, na wala usiogope kwamba atasoma, kwa sababu Juma hasomi chochote kinachozidi ukurasa. Desemba itafika, atapanda kutoka Chekereni na kisu chake, atachinja, mama atampa kidari kwa mkono wake mwenyewe, naye atakipokea akiwa ameinua kifua, akijua hakika kwamba ni kwa ajili ya dramu.